Nyota za Chumba cha Kukunjia

Kabla runinga haijatundikwa ukutani, chumba cha kukunjia kilikuwa na kelele ya aina nyingine kabisa. Dobi lile lilikuwa kubwa, la kufulia hospitali na nyumba za wageni, na kila asubuhi magari yalishusha mafurushi makubwa kuliko watu waliokuja kuyapokea. Nguo zilifuliwa, zikakamuliwa, zikakaushwa, na mwisho wa safari yao ulikuwa kwenye meza ndefu za mbao, ambako wanawake walisimama wawili wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Unarudi nyuma, mwenzako anarudi nyuma, mnalivuta linanyooka, mnakutana katikati, unampa pembe zako, unainama kuokota mkunjo. Ukiyafanya hayo kutwa nzima ni ngoma tosha, na ngoma haichezwi na mabubu.

Mmoja wa wanawake hao aliitwa Dada Mkubwa, ingawa siku anaajiriwa alikuwa mdogo kuliko wote. Jina alilipata kwa sababu ya kuamrisha. Aliingia asubuhi, na kufika mchana alishawaambia waliomtangulia kazini jinsi ya kupanga foronya. Mwenzake wa shuka alikuwa Chiriku, mwanamke mwembamba mwenye mdomo usiojua likizo, na wawili hao walishikana pembe miaka na miaka hata mmoja akajua, kwa jinsi shuka lilivyovutwa, kama mwenzake amelala vizuri au ameamka na neno.

"Kitendawili!" Chiriku alikuwa akipaza sauti kabla shuka la kwanza halijanyooka.

"Tega!" chumba kizima kiliitikia.

"Nina rafiki mweupe, mchana anaogeshwa, usiku analaliwa na asiowajua."

Hicho kila mtu alikijua, jibu walikuwa wamelishika mikononi, lakini walicheka kana kwamba ni kipya. Vingine havikuwa vyepesi, na aliyeshindwa alidaiwa mji, kama desturi ya vitendawili ilivyo. Miji ikaisha. Wakaanza kupeana vyumba vya jengo lile lile. Dada Mkubwa akawa mwenye chumba cha mitungi ya mvuke na ngazi zote mbili. Chiriku akajishindia ofisi ya Tajiri, pamoja na kiti chake. Basi Tajiri alipopita kukagua kazi, Chiriku alimsimamisha bila haya: "Tajiri, na kodi yangu ya chumba vipi?"

"Nivumilie, mama mwenye nyumba," Tajiri alijibu, mikono nyuma, akipita. "Mwisho wa mwezi."

Hakuwakataza kuongea hata siku moja. Alikuwa na macho. Aliona kwamba mikono ya watu wale ilifuata midomo yao, na vinywa vilipokwenda mbio, mabunda nayo yalipanda mezani.

Mambo hayaharibiki kwa kishindo siku zote. Ile furaha haikufukuzwa na mtu, ilifunikwa na kelele tu. Dobi lilinunua mashine kubwa ya kupigia pasi, yenye mapipa ya moto yanayozunguka, na ilipowashwa sakafu ilitetemeka na meno yakagongana. Kila mtu alipewa viziba masikio. Siku za kwanza Chiriku alijaribu kushindana na mashine, akarudi nyumbani bila sauti. Baadaye akanyamaza. Shuka lilivutwa, likakutanishwa, likakunjwa, na watu wakatazamana kama samaki ndani ya chupa. Miaka ikapita hivyo. Tajiri akazeeka, akafariki, wakamzika kwa majonzi ya kweli, na mwanawe akarudi kutoka masomoni kuja kushika nafasi yake. Wao wakamwita Tajiri Mdogo.

Dada Mkubwa wakati huo alikuwa ndiye msimamizi wa chumba cha kukunjia, lakini bado alikunja, maana hakujua kusimamia kwa kukaa. Ndiye aliyeitwa kwanza siku Tajiri Mdogo alipoleta runinga.

"Shikamooni, mama zangu," kijana alisema, mashine ikiwa imezimwa ili asikike. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. "Kuanzia wiki hii kazi yetu ni mchezo. Kila mtu ana kitufe mezani kwake. Ukimaliza bunda, unabonyeza, unapata nyota. Nyota zenu mtaziona hapo juu. Atakayeongoza wiki nzima, Jumamosi yake ni mapumziko na mshahara haukatwi."

"Na wa mwisho?" aliuliza Chiriku.

"Wa mwisho anawekewa picha ya kobe. Ni utani tu."

"Kobe huyo ana nyama?"

Wakacheka, na Tajiri Mdogo akacheka kuliko wote, na Dada Mkubwa aliona jinsi alivyowatazama mmoja mmoja wakati wanacheka, kama mtu anayehesabu kuku wake baada ya mvua.

Yeye mwenyewe hakuamini. Moyoni alisema nyota ni za mbinguni na za madaftari ya watoto. Kisha Jumatatu asubuhi alibonyeza kitufe, runinga ikalia kengele ndogo tamu iliyopenya hata viziba masikio, na jina lake likapanda juu ya jina la Mama Pacha wa meza ya jirani. Akakunja bunda jingine. Likapanda tena. Damu ikamchemka kama msichana. Kumbe miaka yote ile alikuwa anakunja gizani. Bunda liliondoka kwa toroli likasahaulika, wala hakuna aliyewahi kupiga kengele kwa ajili yake. Ijumaa jioni runinga ilitangaza kwamba bingwa ni Dada Mkubwa, ikapiga muziki, na watu wakampigia makofi wakiwa na viziba masikio.

Alikwenda nyumbani akamwambia mumewe. Mumewe alikuwa fundi makufuli aliyeacha kazi mapema kwa sababu ya macho, mtu mpole asiyekuwa na maneno mengi jioni.

"Kwa hiyo," alisema akitafuta kijiko kwa vidole, "mke wangu mwenye wajukuu anashindania nyota."

"Nimezipata, sijashindania."

"Hongera. Kesho utalala basi."

Lakini hakulala. Jumamosi ile alikwenda kazini, eti kuangalia kama chumba kiko salama. Ukweli ni kwamba alitaka kuona jina lake likiwa bado pale juu.

Wiki chache mambo yalikwenda kama moto wa makuti. Mabunda yaliongezeka, Tajiri Mdogo alipita akitabasamu. Ila mtu akipewa kipimo, naye hujifunza kukipima. Bunda la foronya lilikuwa na nyota moja, na bunda la mashuka makubwa nalo nyota moja, na foronya anaikunja mtoto mdogo. Haikuchukua muda. Toroli ilipoingia, mikono kumi ilizama ndani kutafuta foronya na taulo ndogo, na mashuka makubwa yakabaki chini kama watoto wa kambo. Watu walianza kuficha foronya chini ya meza. Wawili walikosana kwa sababu ya taulo za kufutia uso. Na kwa kuwa shuka linataka watu wawili na nyota inakwenda kwa mmoja, kila aliyetafuta mwenzake wa kushika pembe aliona migongo tu.

Siku moja Chiriku alisimama katikati ya chumba amekumbatia shuka kubwa, lingali na joto la mashine, akageuka huku na huku. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda kwa ugonjwa wa viungo, na kwenye runinga yeye ndiye aliyekuwa kobe kwa wiki ya ngapi sijui. Mwanzoni alijisifu, akasema hadithini kobe ndiye anayeshinda. Siku hizo alikuwa hasemi tena. Alimtazama Dada Mkubwa. Dada Mkubwa alikuwa na foronya mkononi, bado tatu bunda likamilike, na Mama Pacha yuko nyuma yake kwa nyota mbili tu. Akainamisha kichwa. Alikunja foronya ile, akakunja ya pili, na alipoinua macho Chiriku alikuwa ameshalitandaza shuka sakafuni, amepiga magoti, anajaribu kulikunja peke yake.

Dada Mkubwa akaiacha foronya ya tatu, akaenda akashika pembe.

Walipokutana katikati, Chiriku alivuta kiziba sikio chake kimoja, akamkaribia. "Siku hizi nikikutaka nikutafute kwenye runinga?"

Dada Mkubwa alimalizia mkunjo, akaliweka shuka kwenye bunda la Chiriku. Alirudi mezani kwake, na wiki ile hakushinda.

Sasa huyo Mama Pacha, aliyekuwa akimfukuzia kwa nyota, alikuwa mwajiriwa mpya kuliko wote, mwanamke wa mapacha wenye umri wa kutambaa. Wengi walimwona ana uroho wa kushinda. Hali, hanywi, haendi hata msalani. Siku moja Dada Mkubwa alimkuta kwenye ngazi amekaa, anajifuta uso na upande wa khanga.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, Dada Mkubwa."

"Hakuna kitu hakitoi machozi."

Ikabidi aseme. Mmoja wa mapacha alizaliwa na mguu uliopinda. Daktari anayeufunga na kuunyoosha hupokea watoto Jumamosi peke yake, na kila mara mguu ulitakiwa ufungwe upya. Ruhusa zake zote zilikwisha kwenye uzazi. Mama mkwe alimpeleka mtoto mara moja, akapotea njia, akarudi naye. "Ndiyo maana naitaka hiyo Jumamosi," alisema. "Siitaki nyota. Mimi nyota nitazipeleka wapi?"

Dada Mkubwa hakuwa na mamlaka ya kutoa Jumamosi. Alikuwa na mamlaka ya kutoa sabuni na viziba masikio. Alirudi chumbani akamweleza Chiriku sikioni, kwa sababu mambo mazito alikuwa hajui kumweleza mtu mwingine, na kwa sababu kumweleza kulikuwa pia ni kuomba radhi.

Chiriku alimsikiliza. Kisha akachukua bunda lake mwenyewe, bunda lililomgharimu asubuhi nzima kwa vidole vile, akalipeleka hadi meza ya Mama Pacha, akaliweka.

"Bonyeza," alisema.

"Si langu."

"Nimekuuliza la nani? Bonyeza."

Kengele ikalia. Mzee Mvuke, aliyeendesha mashine ya pasi, aliona, akasogea, akaulizia kwa ishara. Akaambiwa. Naye alikuwa na kitufe kwa ajili ya foronya chache alizokunja mashine inapopoa. Akazibeba zote kifuani kama mtu anayeokoa kuku na gharika, akazimwaga kwa Mama Pacha. Halafu wale wawili waliogombana kwa taulo. Mchana haujaisha, chumba kizima kilikuwa kinakwenda mezani kwa mwanamke yule kwa zamu, naye anabonyeza huku analia na kucheka, na runinga inalia kengele mfululizo kama gari la zimamoto. Mzee Mvuke alizima mashine, eti inataka kupoa. Watu wakavua viziba. Na Dada Mkubwa akasikia kitu ambacho alikuwa amekisahau kiasi cha kutojua kama amekisahau: chumba cha kukunjia kinacheka.

Mtoto akapelekwa Jumamosi. Wiki iliyofuata wakampa tena Mama Pacha, maana mguu haunyooki kwa siku moja. Baada yake alikuwepo aliyekuwa anamwoza binti yake, baada yake aliyekuwa anahama nyumba, na mmoja aliyesema tu kwamba amechoka, na hilo likakubaliwa kuwa sababu. Waliamua mapema, Jumatatu, wakati wa chai. "Jumamosi ya nani?" Chiriku aliuliza, na mambo yakasikilizwa kama barazani. Kulikuwa na vituko. Kijana mmoja wa toroli alifiwa na mjomba yule yule mara mbili, na mara ya pili Chiriku alimwambia, "Huyu mjomba wako ana bidii, hata sisi hatufi hivyo." Lakini kwa jumla watu walikuwa wakweli.

Na ajabu ni kwamba kazi ilikwenda. Nyota zikishakuwa na mwenyewe, hapakuwa na haja ya kuficha foronya. Mashuka makubwa yaliokotwa tena sakafuni, watu wakashikana pembe, na kila aliyekunja alijua anamkunjia nani. Kumkunjia mtu ni tofauti na kukunja. Mabunda yalifika juu kuliko wakati wowote, hata madereva wakalalamika.

Tajiri Mdogo alikuwa hashikiki. Alimwita yule bwana aliyemuuzia mfumo wa nyota, mtu wa viatu vyenye ncha, aje aone alivyofanikiwa. Bwana alikaa ofisini kutwa akitazama hesabu za mashine yake, akashuka, akatembea kati ya meza, akarudi juu. Jioni Dada Mkubwa akaitwa.

Alipanda zile ngazi. Alikuta Tajiri Mdogo amesimama dirishani na mgeni amekaa.

"Mama," mgeni alisema, "wiki iliyopita bingwa ni mzee wa mashine ya pasi. Nyota zake zimeingia wakati mashine inazunguka. Alikuwa na mikono mingapi?"

"Miwili, bwana, na mmoja una ganzi."

"Basi mnamdanganya tajiri wenu."

Tajiri Mdogo akageuka. "Bwana, tuachie nafasi kidogo," akasema, na mgeni alipotoka, alikaa kwenye kiti kile cha baba yake, akaonekana mdogo ndani yake. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu Mama Pacha."

Tajiri Mdogo akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya tajiri, "Kwa hiyo miezi yote hii mnanicheka."

"Hatukucheki, mwanangu. Tunacheka. Ni vitu viwili."

Akamweleza yote, tangu foronya zilizofichwa hadi mguu wa mtoto. Hakuficha na mambo yake mwenyewe. Alisema alivyoipenda kengele ile, na jinsi alivyoinamisha kichwa Chiriku akiwa amesimama na shuka. Tajiri Mdogo alisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Unajua kwa nini niliileta?" aliuliza mwishoni. "Si kwa mabunda. Nilipokuwa mdogo, baba akiniacha hapa siku za likizo, nilikuwa najificha ndani ya vikapu vya taulo kule chini. Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa nasikia chumba kizima kinacheka, hata sielewi mnacheka nini. Huko nilikokwenda kusoma, nikikumbuka nyumbani, sikumbuki nyumba. Nakumbuka kelele hiyo. Nimerudi nikakuta mashine tu. Nikafikiri, labda nikileta mchezo…"

Dada Mkubwa alimtazama, akaona kwamba wote wawili walikuwa wamefiwa na kitu kimoja na hawakuwahi kupeana pole.

"Umeuleta," alimwambia. "Ila mchezo ukishaletwa huwa wa wanaoucheza. Ulifikiri tutaucheza kama ulivyotuandikia?"

Alitoka bila kujua kama bado ana kazi. Siku zilizofuata Tajiri Mdogo hakuonekana chini. Watu walikunja kimya, kila mmoja akibonyeza kitufe chake mwenyewe kama watoto waliokaripiwa, na kobe akarudi kwa Chiriku. Mama Pacha alikuwa na Jumamosi moja tu imebaki mguu ufunguliwe, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Ijumaa wakati wa chai Tajiri Mdogo akaja. Alikuwa na kikombe chake mkononi. Akakaa juu ya kikapu kilichogeuzwa, akapuliza chai, akauliza, kama mtu aliyezoea kuuliza kila wiki:

"Jumamosi hii ni ya nani?"

Chiriku akasema, "Ya mtoto," na Tajiri Mdogo akatikisa kichwa kukubali.

Vitufe viliondolewa mwezi ule. Bwana wa viatu vyenye ncha alikuja kuvichukua, amenuna. Runinga ilibaki, ikawa ya taarifa ya habari na mpira, na Jumamosi ikabaki ya kuamuliwa wakati wa chai. Tajiri Mdogo hakuwa malaika. Mwaka mmoja kazi ilipobana aliisimamisha Jumamosi hiyo kwa miezi, wakamnunia, akairudisha. Mashine ya pasi ikajengewa ukuta wake, na watu wakaanza kusikilizana tena kidogo kidogo, ingawa vijana walioajiriwa baadaye walipendelea kusimuliana mambo ya kwenye simu kuliko vitendawili. Na kuna jambo ambalo Dada Mkubwa hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Alizikosa zile nyota. Zipo asubuhi ambazo alimaliza bunda, mkono ukaenda wenyewe pale kitufe kilipokuwa, ukagusa mbao.

Kwa miaka hiyo yote yeye hakuchukua Jumamosi hata moja. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi sina shida, mpeni mwingine." Hadi Jumatatu moja Chiriku, ambaye vidole vilishamshinda na alikuwa anamalizia siku zake za mwisho kabla ya kustaafu, alimkatiza.

"Kwani lazima mtu awe na shida ndipo apumzike? Jumamosi hii ni ya Dada Mkubwa. Anayepinga anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha, na mkono wa Dada Mkubwa mwenyewe wakaushika wasiuache uinuke.

Basi Jumamosi asubuhi, jua lishatoka, Dada Mkubwa alijikuta amesimama katikati ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Mumewe alikuwa anavaa viatu, akipapasa kamba.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

"Matembezini. Kila siku nakwenda."

"Peke yako? Na macho hayo?"

"Barabara inanijua," alisema. Akasita kidogo. "Njoo, kama huna kazi."

Wakatoka. Mumewe alikuwa haoni sawasawa zaidi ya vivuli, lakini alipita kwenye ule mtaa kama maji kwenye mfereji wake. Hawajafika kona, mshona viatu akapaza sauti: "Redio! Leo umechelewa! Habari zimelala?"

"Habari hazilali, ni wewe unayekoroma," akajibu mumewe, kwa sauti kubwa ambayo Dada Mkubwa hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba. Akasimama akampa mshona viatu kisa cha jirani fulani aliyefungiwa nje na mkewe, akakipamba, akaigiza sauti zote mbili, hadi yule mtu akaweka nyundo chini. Muuza mboga alimwita Redio. Watoto wa shule ya Jumamosi walimwita Redio. Kinyozi alitoka na wembe mkononi kumwuliza maana ya ndoto. Na kila mmoja alipomwona mwanamke aliye pembeni yake, alimwamkia kwa heshima, na Redio akasema, akivimba kama tausi, "Huyu ndiye mwenyewe. Huyu ndiye yule ninayewaambia."

Dada Mkubwa alitembea hajui macho ayaweke wapi. Alikuwa ameishi na mtu mpole wa jioni, mtu anayemwachia nafasi ya kuchoka. Huyu wa asubuhi hakuwahi kutambulishwa kwake.

Walipumzika kwenye benchi la mbao nje ya duka la vyombo, mahali ambapo alionekana ana nafasi yake.

"Mbona nyumbani huongei hivi?" alimuuliza.

"Unarudi masikio yamechoka," mumewe alisema. "Nikaona nisikuongezee mashine nyingine."

Dada Mkubwa alicheka hadi akamshika mumewe bega asianguke, na alipofuta macho hakuwa na uhakika kama alikuwa bado anacheka. Kisha akamwambia, "Basi anza. Nimeziba masikio vya kutosha." Naye akaanza, tangu kwa mshona viatu na mkewe wa kwanza, akapita nyumba moja baada ya nyingine, jua likapanda, duka likafungua milango yote, wakala ndizi mbivu hapo hapo kwenye benchi.

Baada ya siku hiyo zamu yake ilipofika hakusema tena kwamba hana shida. Aliichukua, na mumewe alikuwa hai kwa Jumamosi kadhaa zaidi, si nyingi kama ambavyo angetaka. Dobi baadaye liliuzwa, hospitali ikanunua mashine zake yenyewe, na Tajiri Mdogo akaenda kufanya shughuli nyingine. Wakikutana barabarani humwamkia Dada Mkubwa na kumwulizia Chiriku. Mtoto wa Mama Pacha anacheza mpira, tena vibaya, kama watoto wengi wenye miguu yote miwili mizima.

Dada Mkubwa bado hutoka Jumamosi asubuhi. Kwenye benchi la duka la vyombo watu husogea kidogo wampe nafasi, na wale wasiomjua huambiwa kwamba ni mke wa Redio. Akiona wanasubiri, huwaambia mawili matatu aliyoyasikia wiki ile. Hana kipaji cha mumewe, mwisho wa kisa humponyoka, lakini wanamsikiliza.